Kiti cha Matlai

Nilipostaafu posta ya Malindi walinipa saa ya ukutani
na kuku wawili, mmoja akafia njiani.
Miaka thelathini niligonga mihuri barua zao:
bahasha nyembamba kama ganda la kitunguu,
anwani zilizochorwa, si kuandikwa,
na chini yake, kwa mkono wa Bi Guizhen, CHINA,
herufi zimesimama wima kama watoto wa gwaride.
Kisha simu zikaja. Barua zikapungua,
zikawa moja kwa mwaka, zikawa hakuna.
Hatukuonana tena ila sokoni, kwenye mizani ya tangawizi.

Alipokufa Mzee Kwok, mtengeneza meno wa Barani
(nusu ya mtaa bado inatafuna kwa kazi yake),
walinijia mlangoni watatu, baada ya alasiri:
Bi Guizhen, Mzee Fang wa barabara, na Deng mpishi
ambaye hoteli yake ilifungwa wageni walipokoma.
Nilidhani wanachangisha mazishi.
"Posita," akasema Bi Guizhen, jina langu hajawahi kuliuliza,
"meza ina pande nne. Sisi tumebaki watatu."

Ndivyo nilivyojifunza vigae.
Ukivikoroga vinalia kama kunde kavu uteoni.
Kuna mianzi, kuna duara, kuna joka mwekundu,
na kuna pepo nne, ambazo Fang alihangaika kunieleza
akinyoosha kidole, mara msikitini, mara baharini,
hata nikamwambia: Mzee, hizo tunazo.
Hii kaskazi. Hii kusi. Hii umande.
Na hapa alipokaa marehemu ni kiti cha matlai.
Matlai, akarudia, matlai,
akilimung'unya neno kama peremende.

Sisemi hawana machungu.
Bi Guizhen ana mwana Shenzhen, humpigia kila Jumapili
akimwonyesha chumba alichomwekea:
kitanda, kiyoyozi, dirisha la ghorofa ya ishirini na sita.
Yeye humwonyesha mwanawe figili.
Shamba lake ni madebe kumi na moja ya rangi, nyuma ya choo.
Chumvi ya kisima iliua mbegu miaka miwili mfululizo;
wa tatu akaanza kukinga maji ya kiyoyozi cha benki,
tone kwa tone, kwa ruhusa ya bawabu
anayelipwa maandazi ya mvuke.
Goti moja la Fang limegoma. Deng husahau
kama amekwisha tia chumvi, hutia tena, nasi twala.

Mwezi uliopita alikuja binti wa chuo kikuu,
mpole, ana fomu na kalamu mbili.
Kuanzia moja hadi kumi, akauliza, furaha yako ni ngapi?
Deng akasema nane. Kisha akasema: ya leo au ya jana?
Fang alitaka kujua kumi ni ya nani, apelekwe akamwone.
Bi Guizhen hakuinua uso.
"Mwanangu, nina majoka wawili, namngoja wa tatu.
Niulize nikimpata. Au nikimkosa.
Sasa hivi unanizibia mwanga."

Binti akacheka, akavuta kigoda,
akaandika kitu kirefu kuliko mstari aliopewa.

Joka wa tatu alikuwa kwangu.
Nilimshika tangu mwanzo, nikijua, na sikumtupa;
huruma haimo mchezoni, walinifunza wenyewe.
Bi Guizhen akashindwa. Akanitukana kwa lugha mbili,
ya tatu akaitafuta, akaipata: "Mwizi wa stempu!"
na chai akanimiminia mimi kwanza,
kisha wenzake, kisha kile kikombe cha tano
ambacho hatukitaji, na ambacho paka hukimaliza.

Tulikuwa katikati ya duru nyingine magharibi ilipoadhiniwa.
Nenda, wakasema, tunakungoja,
wakavilaza vigae vyangu kifudifudi asione mtu.
Nilipokuwa natia udhu bombani niligeuka:
Deng alikuwa anachungulia,
na Bi Guizhen, wa miaka sabini na minane,
alikuwa amemshikia taa.